Sauti Iliyoshuka Haikuwa Yangu

Nimeimba besi tangu nilipokuwa na miaka kumi na minne. Mwanamke kuimba besi halikuwa jambo la kawaida kwetu Taita, na kwaya ya kanisa ilinifundisha hivyo mapema. Mwalimu alinisimamisha nyuma ya wanaume, mahali ambapo waumini hawangeniona, akaniambia, "Imba, lakini usijitokeze." Niliimba nikitazama migongo yao kwa miaka sita. Katika chuo cha uuguzi niliimba, harusini na matangani niliimba, na kila mahali hakukosekana mtu wa kuniuliza kama nina mafua.

Kwa hiyo nilipokuwa muuguzi Birmingham, Uingereza, na mwenzangu wa wodini akanialika kwenye kikundi cha wanawake wanaoimba mtindo wa kinyozini pale Kings Heath, nilikwenda bila kutarajia makubwa. Huu ni uimbaji wa watu wanne bila ala yoyote. Mmoja hubeba wimbo wenyewe, wa pili huimba juu yake kwa wepesi, wa tatu huziba mapengo, na besi hukaa chini akiwashikilia wote. Jina limetoka kwenye maduka ya vinyozi ya Marekani, ambako watu weusi waliimba hivyo wakingoja zamu zao. Sauti nne zikikubaliana sawasawa, hewani husikika ya tano ambayo hakuna anayeiimba. Jioni ya kwanza nilipoisikia, mwili ulinisisimka. Kiongozi wa kikundi akaniuliza, "Ulikuwa wapi siku zote?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo kuhusu sauti yangu. Nilikuwa na miaka arobaini na tatu.

Wanne kati yetu, yule mwenzangu wa wodini akiwemo, tukaanza kushindana. Mwimbaji wetu mkuu, yule anayebeba wimbo, alikuwa mwalimu mstaafu, na tulifanyia mazoezi sebuleni kwake. Mimi nilipanda mabasi mawili kutoka Hodge Hill kila Jumanne, wakati mwingine nikiwa bado na sare ya kazi chini ya koti. Mwaka wa kwanza tulikuwa karibu na mkia. Wa pili tukawa katikati. Wa tatu, mwaka 2018, watu walianza kutugeukia tulipopita ukumbini.

Mwaka huo tuliimba vizuri mpaka mwisho wa wimbo wa pili. Hapo, kwenye neno la mwisho linalovutwa kwa muda mrefu, mwimbaji mkuu alianza kushuka. Nilimsikia. Kazi ya besi hapo ni moja tu, kutohama, nami sikuhama. Tulikosa fainali kwa nafasi moja.

Kesho yake asubuhi tuliitwa kwenye chumba kidogo kupewa maoni. Mwamuzi alinielekezea kalamu bila kuniuliza jina.

"Besi, sauti yako ni kubwa mno. Najua huko kwenu mnaimba kwa uhuru, kwa moyo. Ni jambo zuri. Lakini sanaa hii ina nidhamu yake. Mwishoni uliwavuta wenzako chini."

Niliwatazama wenzangu. Mwimbaji mkuu alikuwa anafunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja. Wa wodini aliangalia dirishani.

"Naomba tusikilize rekodi," nikasema.

"Haina haja."

"Naomba tusikilize."

Aliifungua kwenye kompyuta yake kwa uso wa mtu anayemvumilia mtoto. Sauti yangu ilikuwa imenyooka kama uzi wa fundi. Ya mwimbaji mkuu ilikuwa inateleza, wazi kabisa. Mwamuzi akairudia mara ya pili. Kisha akasema, "Labda ni namna zilivyochanganyika. Hata hivyo, besi ukipunguza, haya hayatatokea."

Alisikia kwa masikio yake mwenyewe, na bado kosa likabaki langu. Na ananifundisha nidhamu ya sanaa iliyoanzishwa na watu wa rangi yangu.

Tuliondoka kwa gari la mwimbaji mkuu. Tulipokaribia Kings Heath alisema, "Ungeacha tu. Mwaka ujao huenda akawa mwamuzi tena."

"Ulijua ni wewe uliyeshuka?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Sikuona kama ingesaidia."

Nilimwomba anishushe palepale High Street, katikati ya watu wa Jumapili na mifuko yao. Ningeweza kumsamehe mwamuzi ujinga wake. Lakini huyu mwanamke nilikuwa nimekunywa chai yake miaka mitatu.

Nyumbani mume wangu alisema niachane nao, kwaya ya kanisa ipo. Binti yangu, ambaye huelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, aliniambia niandike barua. Niliandika kurasa mbili kwa kamati ya mashindano. Jibu lilikuja baada ya wiki sita: mwamuzi yule ana uzoefu mkubwa, na wanasikitika kwamba nilijisikia vibaya. Soma tena maneno hayo. Hawakusikitikia alichosema. Walisikitikia hisia zangu, kana kwamba hisia ndizo zilizoimba vibaya.

Mwenzangu wa wodini alinifuata wakati wa chakula cha mchana. "Nami nilinyamaza," alisema. "Sina la kujitetea." Sikumwambia "si neno", maana lilikuwa neno. Lakini alikuwa amekuja, na mwimbaji mkuu hakuja.

Tukaunda kikundi kipya, sisi wawili, mwanafunzi mmoja Mkenya, na mama wa Kikongo kutoka kanisa moja la Nechells ambaye sasa ndiye anayebeba wimbo. Tulifanyia mazoezi jikoni mwa kanisa, kati ya masufuria. Mwaka 2019 tukashindana, na mwamuzi alikuwa yuleyule.

Yule mama aliruka mstari mzima wa wimbo wa kwanza. Tulipoingia kwenye chumba cha maoni, kabla hatujaketi, aliinua mkono na kusema kwa Kiingereza chake chenye Kifaransa ndani, "Kosa ni langu. Hawa hawana kosa."

Nikashindwa kuondoa macho kwake.

"Juu ya nini unanitazama hivi, mama?" akaniuliza kwa Kiswahili cha kwao, ambapo "juu ya nini" ni "kwa nini".

Tulikuwa wa tisa. Kwenye karatasi ya maoni, mbele ya besi, mwamuzi aliandika neno moja, "Imara." Waliokuwa nami walinipongeza, wakasema sasa nisahau. Sijasahau. Neno hilo lilikuwa la kweli mwaka mmoja kabla, rekodi ikiwa mbele yake, na hakulisema. Niliikunja karatasi, nikawaambia wenzangu kwamba Jumanne tutaanza na ule mstari uliorukwa.