Nimejifanya Mbukusu kwa sababu ya mahindi

Leo Kitale nimejifanya Mbukusu ndio niuziwe mahindi bei ya watu wa nyumbani.

Si nimekulia Kimilili, kwao Wabukusu? Lugha naijua.

Tukiwa tunapakia, mpakiaji mmoja akauliza, "Baba yako alitahiriwa rika gani?"

Sikujua.

Wote wakasimama. Mmoja akafunga geti.

Bana, nikaanza kuomba Mungu chini chini, kwa lugha yetu wenyewe, si Kibukusu.

Mzee mwenye mahindi akanisikia. Akasogea, akaninong'oneza kwa lugha hiyo hiyo: "Hata mimi nawadanganya. Sema rika la Maina."

Nikasema Maina. Geti likafunguliwa.

Nikamlipa yote, nikamshukuru kama baba.

Saa hii niko Kanduyi naangalia haya magunia. Mtu ameniambia kwa mdomo wake anadanganya watu, na sikufungua gunia hata moja.

Nani atakuja tufungue pamoja?