Ukishaishika Usiiweke

Orville Kuzma aliacha kazi ya kuchomelea mabomba akiwa na mgongo mbovu na jicho zima. Jicho hilo ndilo linalomlisha sasa: hununua bunduki za zamani kwa bei ya chini na kuziuza kwa wakusanyaji. Kila Jumamosi yenye soko la bunduki huwa mlangoni mwa ukumbi wa zimamoto kabla akina mama wa jikoni hawajachemsha kahawa na pierogi, vile vidonge vya unga vyenye viazi ndani, na huanzia meza za nyuma, kwa wauzaji waliochoka.

Jumamosi hiyo, mezani kwa Merle Sholley, aliona bunduki ya marisau ya mitutu miwili, ya zamani, imeandikwa dola mia nne na hamsini. Bei ya bunduki yenye kilema. Kitako kilivaa mpira mweusi, na pale kila mtu anajua: penye mpira, mbao imekatwa, na iliyokatwa mkusanyaji haitaki.

Orville akaiinua, akaegemeza kitako kwenye kiwiko kupima urefu wake. Kidole kikakifikia kifyatulio kwa shida. Mbao iliyokatwa haiwi ndefu hivyo. Kumbe mpira ulivishwa tu juu kama soksi, ukakauka hapohapo. Bunduki nzima, ya dola elfu mbili.

Mtu akakohoa nyuma yake. Denny Trexler, mnunuzi mwenzake, mikono mfukoni. Sheria ya ukumbi haijaandikwa popote: aliyeishika ndiye mwenye neno, akiiweka mezani, zamu ni ya mwingine.

"Utaiweka leo, mzee, au nikuletee kiti?"

"Lete na pierogi. Mgongo unaniuma."

Mbinu kuu ya Orville ni kuweka kitu chini na kwenda zake mpaka muuzaji amwite kwa bei ya chini. Leo haikuwezekana. Na akilipa bila kubisha, Merle, anayemjua miaka ishirini, atashtuka na kuuvua mpira.

"Merle, hii imekatwa. Mia tatu."

"Mbona umeikumbatia kama mke wa mtu?"

"Vidole vimeganda. Mia tatu na hamsini."

"Mia nne, na uondoke mezani kwangu."

Orville akanung'unika kiasi cha kutosha, akalipa. Fomu ikajazwa, simu ikapigwa polisi kumkagua mnunuzi, ruhusa ikaja.

Garini akaupasua mpira taratibu kwa kisu kidogo. Kibao cha kitako kikatokea, kimechongwa kichwa cha mbwa, hakina hata ufa. Akakitazama kidogo, akaifunika bunduki kwa blanketi, akarudi ndani. Meza za nyuma zilibaki tatu, na pierogi zilikuwa bado za moto.