Gari Lije Kabla ya Mvua

Siku hizi nachoka kabla hata sijawasha kompyuta. Mimi ni katibu wa chama cha wakulima wa mahindi, ofisi yetu iko Majengo, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kupunguza maneno ya mwenyekiti. Mzee ni mtu mwema, hilo silikatai. Lakini akianza kuzunguka mbuyu, utakunywa chai mpaka uimalize, yeye bado yuko kwenye salamu.

Novemba moja ghala letu la Mpitimbi lilijaa. Magunia mengine yakabaki nje, chini ya turubai lililochakaa, na mengi ya hayo yalikuwa ya mama yangu mzazi. Mnunuzi wetu yuko Makambako, na kwake bila barua gari halitoki. Nikaandika: mahindi yako tayari, yako nje, mvua inakaribia, tunaomba gari lije kabla ya Ijumaa. Basi.

Mwenyekiti aliisoma, akaisukuma pembeni.

"Mwanangu, hii ni barua au amri?"

"Ni barua, mzee. Ina ombi."

"Huyu ni mtu mzima mwenzangu. Unamvamia hivi, hata hali hujamjulia?"

Nikamwomba salamu ziwe mstari mmoja, ombi libaki juu. Wapi! Akaanza kunisomea ya kwake. Kichwa kikawa "Kudumisha Ushirikiano". Ikafuata "husika na kichwa cha habari hapo juu", ikafuata "fursa hii adhimu", halafu historia nzima ya chama. Gari lilikuja kutajwa ukurasa wa pili, katikati ya pongezi na kutakiana heri. Nilibisha, nikabisha tena, mwisho nikachapa. Kubishana na mzee kila siku kunamaliza mtu nguvu.

Jibu lilikuja upesi. Mnunuzi alishukuru kwa salamu, akasema ushirikiano udumu. Gari hakuligusa. Nikampigia simu.

"Gari gani?" akasema. "Nilijua ni barua ya shukrani, nikasema nitaimalizia baadaye. Magari yote nimeshayapeleka Tunduru."

Mvua haikutungoja. Ilinyesha Ijumaa, ikanyesha Jumamosi, turubai likashindwa, na tulipoweza kufungua magunia ya nje, mahindi yalikuwa yameshaanza kuota.

Kwenye mkutano wa wanachama mwenyekiti alisimama pale ghalani, hakusalimia mtu.

"Mahindi ya nje yameharibika," alisema. "Barua niliirefusha mimi."

Akakaa. Nilikuwa na hasira naye wiki nzima, lakini kumsikia akisema kifupi vile kuliniuma.

Mama yangu alikuwa ameshika mahindi mkononi, mengine yana vijimizizi vyeupe. Alinigeukia mimi.

"Na wewe ndiye uliyeichapa?"

"Ndiyo, mama."

Akayarudisha mahindi kwenye gunia, akakusanya mdomo wa gunia, akaufunga kwa kamba, akakaza fundo vizuri, kana kwamba bado kuna gari linakuja kulichukua.