Ushuru wa Kila Jiko

Jumatatu ile tulikuwa wanne kwenye karakana yangu mtaani Bwaise: mimi, mdogo wangu wa kike, aliyekuwa akikaribia mtihani wa kidato cha nne, jirani na fundi mwenzangu aliyekuwa mwanajeshi mstaafu kutoka kaskazini, tuliyemwita Afande, na mama Mkenya anayenunua majiko yetu ya makaa kwenda kuyauza soko la Owino.

Mimi ndiye mkubwa kwetu. Wazazi walipofariki niliacha shule, nikashika nyundo ya baba. Kila wiki nilitengeneza majiko arobaini na kuyauza shilingi elfu kumi kila moja. Thelathini niliyakata kwenye mapipa makuukuu, na kila moja lilinigharimu elfu saba. Mapipa yakiisha, kumi ya mwisho niliyatengeneza kwa bati jipya, na hayo yalinigharimu elfu tisa na mia nane. Yaliniachia mia mbili mia mbili tu, lakini mia mbili nayo hununua chumvi.

Kisha ukaja ushuru: elfu moja kwa kila jiko linalouzwa, fundi ndiye anayelipa. Mafundi wa mtaa wetu hukubaliana bei moja kila Jumatatu kabla ya kuwasha moto. Wiki ya kwanza ya ushuru hatukubishana hata kidogo: elfu kumi na moja, mnunuzi abebe wote. Mama Mkenya alichukua majiko kumi na tano tu, yaliyobaki yakarundikana mlangoni. Sasa alikuwa amerudi.

"Mama, leo chukua arobaini," Afande alimwambia.

"Nikayalalie? Wateja wangu wanaziba majiko ya zamani kwa udongo. Hiyo bei yenu hawaitaki."

"Kwa hiyo ushuru tulipe sisi?"

"Kwani mimi ndiye niliyeuleta?"

Mdogo wangu, aliyekuwa akikanda udongo, akacheka. "Afande, vitani hukurudi nyuma, leo unarudishwa na jiko!"

"Wewe soma, punguza mdomo."

Nilimuuliza mama angechukua mangapi, na kwa bei gani.

"Elfu kumi na mia sita, nabeba thelathini. Arobaini ni kwa bei ya zamani."

Sikuhitaji karatasi. Nikitoa ushuru, mkononi hubaki elfu tisa na mia sita. Jiko la pipa bado lingenipa elfu mbili na mia sita. La bati jipya lingenila mia mbili.

"Thelathini," nilisema. "Bati jipya silinunui tena."

"Dada, unavunja bei ya mtaa," Afande alisema.

"Siivunji. Naisema mbele yako, na moto bado haujawaka."

Alinung'unika, akaenda kuwaambia wengine. Kufika mchana mtaa mzima uliuza kwa bei hiyo, na hadi leo haijasogea.

Mtoza ushuru hupokea elfu moja kutoka mkononi mwangu, lakini najua ilikotoka: mia sita kwa mpishi aliyenunua jiko, mia nne kwangu. Yale majiko kumi ya bati jipya hayakumpa mtoza ushuru shilingi, wala mpishi hakuyapata, wala mimi. Hayakutengenezwa, basi. Kwa wiki nilizoea kubakiwa na elfu tisini na mbili. Sasa hubaki sabini na nane. Pengo hilo, pamoja na lile la wiki ya majiko kumi na tano, ndilo lilimeza ada ya mtihani wa mdogo wangu.

Jioni ya Jumatatu ile Afande alirudi. "Mdogo wako anatakiwa kulipa ada lini?"

"Ijumaa."

"Kiasi gani?"

"Elfu sitini. Sina."

Akazitoa mfukoni. "Pensheni yangu haikatwi kwa jiko. Utalipa polepole."

Mdogo wangu aliufanya mtihani, na sasa anasubiri matokeo. Kila Jumamosi nampelekea Afande elfu tano, hajawahi kunikumbusha. Nimeshalipa ishirini. Bado arobaini.