Mama Upepo wa Nyumba ya Mitambo

Mgodi ule ulikuwa mbali na kila kitu. Nguzo za umeme ziliishia mjini, na kutoka mjini mpaka pale ilikuwa safari ya kutwa nzima kwenye vumbi. Kwa hiyo umeme walijitengenezea wenyewe kwa jenereta za dizeli, na pembeni ya jenereta kulikuwa na kompresa iliyoshindilia hewa na kuisukuma kwa mabomba hadi chini ya ardhi, kuendesha mashine za kutoboa mwamba. Aliyeitunza kompresa hiyo alikuwa mwanamke. Watu walimwita Mama Upepo, ingawa hakuwahi kuzaa.

Aliingia pale kama mfagiaji. Fundi mzee aliyemkuta akamfundisha kidogo kidogo, leo kufuta mafuta, kesho kusoma geji, hadi masikio ya mzee yalipokufa kwa kelele na valvu kubwa ya kufungulia hewa ikabaki mikononi mwa mwanamke. Naye kelele zilimwachia alama: aliongea kwa kupaza sauti hata msibani.

Duniani alikuwa na mtu mmoja tu, mdogo wake wa kike, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Alimleta kambini, na mchimbaji mmoja kijana alipokuja kuposa, yeye ndiye aliyekalia kiti cha baba na kumhoji mpaka akatokwa jasho. Kijana alifaulu. Akawa shemeji mwenye maneno. Kila akienda zamu alichungulia mlangoni kumwambia asisinzie, maana akisinzia wao kule chini watatoboa mwamba kwa meno. Mama Upepo alimjibu kwamba kwa meno yale, yaliyosimama kama watu waliogombana, mwamba ungecheka kwanza.

Hewa iliendeshwa kwa kengele iliyounganishwa na kule chini. Mlio mmoja, funga. Miwili, fungua. Asubuhi moja ulikuja mlio mmoja: kiungo cha bomba la mpira kilikuwa kinavuja na shemeji yake alikuwa anakibadilisha. Mama Upepo akafunga, akaanza kusafisha chujio. Fundi umeme alikuwa humo humo, akikaza nyaya kwenye ubao wa swichi. Baadaye kengele ikalia mara mbili. Fundi umeme mwenyewe akamgusa bega, asije akawa hakusikia. Akafungua.

Mshale wa geji ukaporomoka badala ya kupanda. Alijua papo hapo kwamba hewa inatokea pasipotakiwa, akafunga kwa mikono miwili. Kumbe kule chini mambo yalikuwa yameshakwisha. Kiungo hakikuwa kimekazwa wala bomba halikuwa limefungwa mnyororo wa kulizuia. Lilipojaa hewa lilichomoka, likarukaruka kama nyoka aliyekanyagwa, na kichwa chake cha chuma kikampiga shemeji yake kifuani. Alipandishwa juu akiwa ameshakata roho.

Aliyebonyeza kengele alikuwa msimamizi wa zamu, kwa haraka zake za kutaka kazi isisimame. Mbele ya meneja akasema hakugusa kitu, hewa ilifunguliwa juu bila ishara. Wachimbaji waliomwona walinong'ona mabwenini, lakini walipoitwa ofisini waliangalia viatu vyao. Fundi umeme akasema alikuwa ameinamia nyaya, hakusikia chochote. Haukupita muda akahamishiwa nyumba nzuri karibu na ofisi. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Pale mgodini walishika ile nusu ya kwanza.

Meneja akaamua kwamba kosa ni la Mama Upepo, ila hatafukuzwa. Kompresa ile ilikuwa kongwe na yenye vituko, na hapakuwa na mwingine wa kuibembeleza.

"Bosi," Mama Upepo akamwuliza, "kama mimi ndiye niliyemuua, mbona mnaniachia roho za wengine?"

Meneja akapanga karatasi zake. "Rudi kazini, mama."

Mdogo wake alikuwa hamtazami usoni tangu mazishi. Mama Upepo alivumilia, akadhani ni uchungu. Siku moja akashindwa, akamfuata nyuma ya chumba cha kufulia cha kampuni, ambako mjane huyo mwenye watoto wadogo alikuwa amepewa kazi ya kufua ovaroli. Alimweleza kila kitu: kengele, mkono begani, mshale. Mdogo wake aliendelea kukamua nguo, halafu akazungumza kwa sauti ndogo, ikabidi dada mtu asome midomo yake.

"Najua ililia, dada. Waliokuwa naye waliniambia siku ile ile. Lakini nyumba ninayolala ni yao, na kazi hii ni yao. Nikisema ililia, nitakwenda wapi na wanangu?"

Mama Upepo akageuka, akaondoka. Angekuwa anachukiwa kwa kudhaniwa muuaji, angejua pa kuanzia. Kuanzia hapo walipishana kambini kama watu wasiojuana, na wake za wachimbaji wakamsifu mjane kwa moyo wake mgumu.

Aliendelea na kazi kwa miaka. Kengele ikilia mara mbili alirudisha ishara, akangoja ijibiwe tena ndipo afungue. Wachimbaji walilalamika kwamba hewa inachelewa.

Hatimaye nguzo za umeme zikafika. Zikaja kompresa mpya za kuwashwa kwa kitufe, na nyumba ya mitambo ikatiwa kufuli. Kwenye hafla ya kumuaga Mama Upepo, msimamizi wa zamu, ambaye sasa alikuwa meneja msaidizi, alisimama akamsifu kwa uaminifu wake. Watu wakapiga makofi. Mwenyewe naye akapiga, kwa vile kila mtu alikuwa anamtazama.

Kesho yake alipanda lori la mizigo na sanduku moja. Mbele ya chumba cha kufulia, mdogo wake alikuwa anaanika ovaroli. Macho yao yakakutana juu ya kamba, kisha mdogo wake akainama kuchukua nguo nyingine kwenye beseni.

Dereva akamwuliza kama hakuna ndugu wa kumsindikiza.

"Yupo," akasema. "Yuko kazini."