Saa za Mawinguni

Mtu aliyenifunza urubani pale Kitale aliniibia saa zangu, na sijawahi kumsamehe. Rubani huandika kila safari kitabuni: saa za macho, unapoongoza ndege ukiiona ardhi, na saa za vyombo, unapozama mawinguni na huna cha kutegemea ila mishale ya vyombo iliyo mbele yako. Za vyombo ndizo zinazokupatia kazi.

Alasiri moja wingu la Mlima Elgon lilitumeza tukitoka Bungoma. Niliongoza ndege mimi, jasho likinitiririka, mpaka uwanja wa Kitale ukatokea chini yetu. Yeye alikuwa ameshikilia kiti. Tulipotua alikataa kunitilia sahihi.

"Wewe andika za macho, msichana. Hizo za mawingu ni zangu. Si mimi ndiye mwalimu, bana?"

Kampuni iliyokuwa ikinisubiri ikachukua mtu mwingine. Nililia mpaka nikachoka, kisha nikaanza kungoja.

Mwaka huu mimi ni mtahini, na leseni yake ya vyombo ilikuwa karibu kuisha. Bila sahihi yangu, hana kazi. Siku ya mtihani wake aliniita madam hata pasipohitajika. Katika mtihani huo rubani huvaa kofia yenye ukingo mrefu unaomzuia kuona nje, akabaki na vyombo tu; akichungulia nje, ameanguka mtihani. Nilichagua asubuhi isiyo na wingu hata moja, nikapanga njia ipite juu ya Kimilili, ambako amejenga nyumba ambayo kila mtu uwanjani amechoka kusikia habari zake.

Aliongoza vizuri, sitamnyima hilo. Nilichukia kuona hivyo. Tulipoikaribia Kimilili nikasema polepole, "Mwalimu, naona upepo umeng'oa mabati ya nyumba yako, upande wa mlimani."

Kidevu chake kikainuka, macho yakapita chini ya ukingo wa kofia.

"Umechungulia. Nipe usukani."

"Ati nini? Si wewe ndiye umeniambia, madam?"

"Nilikuambia habari ya mabati. Sikukuambia uangalie."

Alivua kofia akaiweka magotini. Akaniomba kwa sauti ya chini, akasema kwa umri wake huo hakuna atakayemwajiri akikosa hiyo leseni. Nilitafuta huruma moyoni, nikaikosa kabisa. Nikaizungusha ndege taratibu juu ya nyumba yake, aitazame. Mabati yalikuwa mazima, pande zote.