Behewa Lenye Usukani

Mimi najua mabehewa. Nalisema mapema ili msomaji asije akadhani najisifu baadaye. Nilifanya kazi miaka kumi na minne katika karakana ya reli kule Tabora, nikibadilisha viti, madirisha na sakafu za mabehewa ya abiria, na hadi leo ukinifunga macho ukaniingiza ndani ya behewa, nitakuambia kwa kunusa kama mbao zake ni mninga au mvule. Kwa hiyo kazi ya kujenga mabehewa iliponifuata hapa Gitega, katika nchi ambayo watu wengi hawajaona treni kwa macho yao, sikushangaa. Niliona imechelewa.

Aliyenitaja kwa wenye kazi alikuwa mwenzangu wa Tabora. Kuna shamba la zamani la mkonge upande wa pwani ya Tanzania, lililokuwa na kireli chembamba, upana wa futi mbili tu, cha kubebea mkonge na siku za sikukuu kubebea watu. Wenye shamba walikifufua kwa ajili ya wageni wanaopenda mambo ya kale. Walitaka mabehewa matatu ya abiria yanayofanana na yale ya mwanzo, ambayo mchwa walikwisha kuyamaliza. Chuma na magurudumu yangetengenezwa kwao. Sisi tungejenga mwili wa mbao, kwa vipande vinavyofunguka, upakiwe kwenye lori hadi mpakani Kobero. Behewa la kwanza lingekuwa la majaribio. Mhandisi wao angekuja kulikagua. Akilikubali tungejenga mengine mawili, akilikataa tungerudi kwenye vitanda na madawati ya shule, na mimi ningekuwa mzee mwingine tu anayesimulia alivyokuwa mtu Tanzania.

Walituma picha moja ya zamani. Ilionyesha behewa kwa ubavu, milango yake mitatu, na mwishoni kibaraza kidogo chenye gurudumu la chuma juu ya nguzo. Niliibandika ukutani.

Nilikuwa na fundi mmoja anayenizidi, na hilo silisemi kwa furaha. Alikuwa Mkongomani wa Kivu ya Kusini, aliyejenga mitumbwi mikubwa ya Ziwa Tanganyika kabla vita havijamtoa kwao. Mkewe na watoto walikuwa kambini Gasorwe, mkoa wa Muyinga; yeye alikaa karakanani kwangu na kwenda kwao kila mwisho wa mwezi. Mbavu za paa la behewa hupindwa kwa mvuke, na asiyejua huzivunja zote. Yeye, siku ya majaribio, aliushika ubao wa moto, akausemesha kwa Kibembe, akaupinda taratibu kama mtu anayemlaza mtoto. Sijui alikuwa akiuambia nini, lakini haukuvunjika.

Mbao za fremu za madirisha zilitakiwa ziwe kavu kabisa. Nikasikia kuna mbao za mti wa msave zilizokatwa zamani na kuanikwa vizuri huko Buhinyuza, Muyinga, nikaamua kwenda mwenyewe, maana mbao sichaguliwi na mtu. Kabla ya kuondoka nilichora sakafuni kwa chaki ubavu mmoja wa behewa, vipimo vyote, nikawaambia fundi wangu na wenzake wawili wa Nyarusange, "Fanyeni kama ilivyo pichani." Nikapanda gari la Muyinga kifua mbele.

Nilikaa siku kumi. Niliporudi, mwili wa behewa ulikuwa umesimama katikati ya karakana, bado bila paa, umenyooka, maungio yake hayapitishi hata wembe. Nikalizunguka nikitabasamu. Upande wa kulia ulikuwa na milango mitatu. Upande wa kushoto haukuwa na mlango hata mmoja. Ulikuwa umezibwa kwa mbao, umepigwa gundi na vigingi. Viti vyote vilitazama upande mmoja. Na kwenye kile kibaraza, nyuma ya nguzo ya gurudumu, walikuwa wamejenga kiti kizuri cha peke yake, chenye mgongo na mahali pa kuegemeza mikono.

"Hiki nini?" nikauliza.

"Ni ya shofere," fundi wangu akasema. Alikuwa na fahari. "Usukani iko pale, donc yeye atakaa hapa. Nimemuwekea na nafasi ya miguu."

"Na milango ya upande wa pili?"

"Bisi iko na mlango upande moja, kaka. Kule kwingine watu watashuka katikati ya magari?"

Usukani! Lile lilikuwa gurudumu la breki ya mkono, ambalo mlinzi wa behewa hulizungusha treni inaposimama. Wiki tatu kabla ya ukaguzi, nilikuwa na basi la mbao. Damu ilinipanda. Mimi nikikasirika hupayuka, mke wangu husema ni afadhali ningevunja vyombo, kwani vyombo vinanunulika. Nikapayuka mbele ya wote: "Kosa ni langu. Mkimbizi aliyekuja na mtumbwi atajua nini kuhusu treni?"

Alifuta randa yake kwa kitambaa, akaifunga, akachukua begi lake na kutoka. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi madole yangu yote yalikuwa mazima.

Mafundi wa Nyarusange walirudi kwenye mbao zao. Baadaye mmoja akaniambia polepole, "Mzee, hata sisi tulijua ni usukani."

Hapo nikaitazama picha upya. Ilionyesha ubavu mmoja. Mchoro wangu wa chaki ulionyesha ubavu mmoja. Kwa miaka mingi nimewasimulia watu hawa habari za treni, vituo, filimbi, chakula cha njiani, lakini sikuwahi kuwaambia kwamba behewa halina dereva, kwa sababu nilidhani hakuna binadamu asiyejua.

Nilijaribu kupinda mbavu za paa mwenyewe. Siku ya kwanza nilivunja mbili, ya pili nne. Ya tatu nilipanda gari la Muyinga. Niseme ukweli: nilikwenda kwa sababu ya paa. Aibu nilikutana nayo njiani, kutoka barabarani hadi kambini, nikipanda kilima kwa miguu chini ya jua na kila mkimbizi niliyemuuliza njia akinielekeza kwa upole.

Nilimkuta nje ya kanisa lao la mbao akirekebisha mabenchi. Mkewe alikuwa karibu akichambua maharage. Tulisalimiana. Hakuna aliyeniletea kiti, nami nikaona ni haki.

Sikujua nianzie wapi, nikaanzia kwenye ninachokijua. Niliomba mabenchi manne, nikayapanga kwa jozi, yakitazamana. "Hili ni behewa," nikasema. "Halijiendeshi, na lile gurudumu ni breki tu. Kinachovuta ni kichwa, kiko huku." Nikalivuta begi langu mbele ya mabenchi. "Treni ikifika mwisho wa reli haigeuki. Kichwa kinafunguliwa, kinapita reli ya pembeni, kinafungwa upande ule." Nikalihamisha begi. "Aliyekuwa nyuma sasa yuko mbele. Na stesheni moja iko kulia, nyingine iko kushoto. Ndiyo maana viti vinatazamana, na milango ni pande zote."

Aliyazunguka mabenchi, akakaa, akahama, akakaa tena upande wa pili. Fundi ni fundi. Niliona hesabu zinapita usoni mwake.

"Kumbe inavutwa tu."

"Inavutwa tu."

"Sababu ya nini hukusema?"

"Nilidhani kila mtu anajua."

"Mi nilionaka bisi, nilionaka kamiyo, nilionaka meli. Treni, hapana. Ungeniuliza ningekuambia."

Mkewe akaweka ungo chini. "Shemeji," akasema, "wanasema we pia ulikuwa kambini, Tanzania. Kule walikuita nani?"

Nilijua anakonipeleka. "Mkimbizi."

"Na ulijibu nini?"

"Nilinyamaza."

"Na yeye alinyamaza," akasema, akaendelea na maharage yake.

Nikamwomba msamaha mumewe hapo hapo, kwa neno lenyewe, bila kulizungusha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema atakuja Jumatatu, lakini nisidhani yameisha. Anakuja kwa sababu kazi iliyoanzwa na mkono wake hawezi kuiacha imekaa vile.

Jumatatu alikuja. Alibomoa ubavu wa kushoto kwa mikono yake, bila kuharibu ubao hata mmoja, akachonga milango mitatu, akageuza nusu ya viti vitazamane. Kiti cha shofere alikitoa mwenyewe, akanipa nikakikalie nyumbani. Mbavu za paa alizipinda kwa siku mbili. Tuliongea habari za vipimo tu. Mimi ni mtu wa maneno, na kimya kile kilinitesa kuliko matusi.

Mhandisi alifika siku aliyoahidi. Alikuwa mama wa makamo, Mtanzania, mwenye macho makali. Alifungua na kufunga kila mlango, pande zote mbili. Alilala chini akachungulia sakafu. Mwishowe aliingia ndani, nami nyuma yake, akapitisha kiganja kwenye mbavu za paa, moja baada ya nyingine.

"Hili nalichukua," akasema. "Na mengine mawili muanze. Hizi amezipinda nani?"

Fundi wangu alikuwa ameketi kwenye benchi la dirishani akifuta vumbi. "Ni mi, mama."

"Ulijifunzia wapi?"

"Kwenye mitumbwi, kwetu Kongo. Saa hii mi niko mkimbizi, niko Gasorwe." Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja saizi ya msumari.

Mama yule akanigeukia. "Na wewe, mzee? Kiswahili chako ni cha kwetu kabisa."

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi tangu nirudi kwetu hapa, na jibu langu ni moja: nilikulia Tanzania. Watu wakilisikia hufikiria shule nzuri, au mjomba mwenye biashara, nami huwaacha wafikirie. Fundi wangu alikuwa ameacha kufuta vumbi.

"Mimi pia," nikasema. "Nilizaliwa kambini, mama. Nilikuwa mkimbizi miaka thelathini na minne."

Mhandisi akaitikia kwa kichwa, akashuka kwenda kuandika karatasi zake. Fundi wangu akasogea kidogo kwenye benchi, nami nikakaa.